Kipini cha Semeni Kilivyozama Tangini

Sokoni, Kibiti,
Rufiji.
29 Agosti 1993

Kwa Dada yangu Salima,
Mbwera.

Assalaam alaykum. Naingia kwako kwa barua hii kama ambavyo ningeingia kwa miguu: viatu nimevivua mlangoni na sauti nimeipunguza, maana nyumba ina eda. Dada, hujambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua siku za matanga umetulia? Usiku unapata japo lepe la usingizi? Na hao wakwe zako wa Mbwera wanakupikia chakula cha maana, au wanakuletea mhogo mkavu wakidhani mfiwa hana ulimi? Wewe niambie tu. Nikisikia una dhiki nitakuja mwenyewe na mchele wa Mkongo, na nitaubeba begani kutoka Nyamisati hadi kwako, maji yajae yasijae.

Mimi huku ni mzima, nguvu zangu ni zile zile, ila goti la kushoto linanung'unika asubuhi. Kazi ya udereva inakwenda vizuri. Si kujisifu, lakini hapa Kibiti wakitaja madereva wanaanza na mimi, na hao wengine wanatajwa kwa sababu mimi nimekwisha kutajwa na watu bado wana hamu ya kuongea.

Najua anayekusomea ni wifi yako Mwanamkuu. Mwanamkuu, salaam na wewe. Soma polepole, usiruke mstari, na ukifika pa kucheka, cheka kwa adabu.

Dada, lililo kubwa nalitanguliza ili moyo wako utulie. Mwanao Semeni ameolewa. Ameingia kwa mumewe Amri kule Mloka, jua likiwa bado juu ya miti, amefunikwa vizuri, ananukia udi, na kipini chako cha dhahabu kiko puani mwake. Hilo ulishike kwa mikono miwili. Yatakayofuata yasikutishe, maana mwisho wake umekwisha kuujua. Nayaandika kwa sababu Nyamisati kuna watu wenye midomo, na najua watakufikishia habari nusu, tena ile nusu mbaya. Afadhali uipate yote kutoka kwa mtu aliyekuwapo, tena aliyekuwapo akishika usukani.

Unalikumbuka lile gari-nyumba la Gulamabbas. Mwanamkuu huenda hajaliona, basi namweleza. Wazungu wawili, mtu na mkewe, walikuja nalo kutoka kwao wakielekea Mloka kuangalia wanyama. Injini ikawafia hapa Kibiti mbele ya duka la Gulamabbas. Wakakaa, wakachoka, wakamwuzia yeye, wakapanda ndege wakarudi. Ndani mna kitanda, jiko, kabati, mapazia ya maua, na kijichumba cha choo. Shemeji Mshamu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeifufua ile injini, akawa anapeleka wageni Mloka nalo mpaka ugonjwa ulipomlaza. Alipotutoka, Gulamabbas akanikabidhi mimi ufunguo. Alisema hamwoni mwingine. Mimi pia, nilipotazama huku na huku, sikumwona.

Sasa ulipotuma neno kwamba wasia wa Mshamu ni harusi isisogezwe, na kwamba wewe hutoki eda kuja kumtoa mwanao, nililala na mawazo. Mwali kutoka Kibiti hadi Mloka, apande nini? Lori la mkaa? Afike kama gunia? Nikamwendea Gulamabbas. Sikumaliza hata sentensi. Akasema mtoto wa Mshamu ni mtoto wa nyumba ile, gari nilichukue, na mkewe Zera akaleta pazia jipya la dirisha la nyuma ili pasipatikane hata upenyo wa jicho. Dada, tangu Rufiji iitwe Rufiji, hajapata kutoka mwali aliyesafiri ndani ya chumba chake mwenyewe. Hana haja ya kuteremka kwa chakula, hana haja ya kuteremka kwa maji, hana haja ya kuteremka hata kwa lile jingine. Watu wa Kibiti walijipanga barabarani tangu sokoni hadi njia panda. Bwana mmoja wa ofisi za Utete alisimamisha Land Rover yake akanipigia saluti. Wengine wanasema alikuwa anajikinga vumbi. Mimi naijua saluti nikiiona.

Ndani alikuwamo Semeni, na kungwi wake Bi Tatu, na Bi Siti, shangazi wa bwana harusi, aliyetumwa na wakwe kuja kumchukua mwali. Mimi mbele peke yangu, nimevaa ile kanzu mpya ya melimeli niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, nyeupe mpaka inaumiza macho.

Kuhusu kipini. Nilikupa ahadi kuwa kitafika, ukakivua puani siku uliyoingia eda ukanitia mkononi, na maneno yako sijayasahau. Ulisema mama yetu alikuvisha kwa mkono wake mlangoni kwa wakwe, na mama yake alimvisha hivyo hivyo, na kwa kuwa wewe huwezi kufika, basi kipini ndicho kitakuwa wewe. Nikampa Bi Tatu. Akakifunga pindoni mwa kanga yake, fundo juu ya fundo, akasema fundo hilo hata kwa jino halifunguki.

Tukapita Mkongo salama, tukapita Mwaseni. Njia ilikuwa kavu, mashimo kama visima, lakini nililiendesha gari lile kama mtu aliyebeba bakuli la supu kichwani. Hapo mbele ya Mwaseni, Bi Tatu akaomba kwenda msalani. Kile choo, Dada, ni cheupe kama sahani ya pilau, na chini kina kikanyagio. Ukikanyaga, koo lake linafunguka, maji yanashuka, na kilichokuwapo hakipo. Bi Tatu ni mtu wa mwili, kijichumba ni chembamba, kanga ikabanwa na mlango. Akaivuta. Kumbe lile fundo la kutofunguka kwa jino linafunguka kwa komeo. Akasikia kitu kimegonga ubao wa choo, ti, na mguu wake ulikuwa tayari umekanyaga.

Kelele aliyopiga niliisikia mpaka kwenye usukani. Nikafunga breki. Bi Tatu akatoka amekamata kichwa, akisema amemzika Salima akiwa hai.

Hapa nataka unielewe. Mwali kuingia ukweni pua tupu, baba amekufa, mama hayupo, wangesemaje? Wangesema mama hana radhi na ndoa hii. Neno hilo likishaingia kwa wakwe halitoki, mwanao angelila na kulinywa mpaka uzeeni. Na mwali kwetu haingizwi jua likishazama. Lilikuwa limekwisha kuegemea upande wa Alasiri.

Basi nikachukua uongozi. Mimi nimepanda garimoshi mpaka Morogoro, nikaingia choo cha garimoshi, nikachungulia, nikaona mataruma yanapita chini. Nikawatangazia kwamba choo cha chombo kinachotembea humwaga njiani, hiyo ndiyo kanuni ya vyombo vyote, na kwa hiyo kipini kiko barabarani nyuma yetu, kinatusubiri. Hakuna aliyenipinga. Nilivyolisema, hata wewe usingenipinga.

Bi Siti akabaki ndani na mwali, maana mwali haachwi peke yake. Mimi na Bi Tatu tukarudi nyuma tumeinama, tunapekua vumbi kwa vidole. Tulipekua matairi yalikopita, tukapekua kando, tukapekua mavi ya tembo, na mavi ya tembo si kitu kidogo, Dada, ni shughuli ya kutwa. Jua linatupiga mgongoni. Bi Tatu analia na kutafuta, analia na kutafuta.

Kumbe kando ya njia palikuwa na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na madungu yao ya juu ya nguzo bado yamesimama, na ndani ya dungu moja alikuwamo mama wa Kindengereko, jina lake Mwanawetu, anayelinda mahindi yake ya mlao, yale yapandwayo mafuriko yakishapungua, yasiliwe na nguruwe. Akatutazama kutoka juu kwa kitambo. Akateremka ngazi taratibu, akatusogelea, akauliza sisi ni kabila gani. Nikamwambia Wamatumbi. Akafurahi kama aliyeokota kanga njiani. Akasema alidhani hivyo, maana alikuwa akijiuliza ni watu gani hao walioacha milima yao kuja kuchambua mavi ya tembo ya watu, kwani kwao hayapo? Unajua Wandengereko walivyo watani zetu. Sikuwa na nafasi ya kumjibu, lakini nilimjibu. Nilimwambia kwetu tembo wakisikia jina langu hujisaidia mbali.

Akataka kujua tunachotafuta. Bi Tatu akamweleza. Akaacha utani mara moja, akainama naye akatafuta. Tukawa watatu.

Hapo ndipo pazia la nyuma likasogea. Wewe unajua mwali wa njiani hasemi. Hata akiumwa na siafu anatikisa kichwa tu. Semeni akasema, kwa sauti ndogo lakini kila mtu aliisikia:

"Mjomba, mbona barabara kavu?"

Nikamwuliza ana maana gani. Bi Siti ndani akacheka mpaka gari likatikisika, kisha akanieleza yeye kwa niaba ya mwali. Tangu Kibiti, wanawake watatu wamekitumia kile choo, na maji ya kusukumia yamepungua nusu pipa. Kama kingekuwa kinamwaga njiani, njia yote ingekuwa na alama yetu.

Dada, umezaa. Hilo ndilo nililosema moyoni. Kwa sauti nilisema kwamba na mimi nilikuwa nakaribia kuligundua. Nikalala chini ya gari, na kweli, palikuwa na sanduku kubwa jeusi la plastiki limefungwa tumboni mwa gari, na bomba, na mpini wa kuvuta. Tangi. Kila kilichoingia chooni kilikuwa kimekaa humo, kinasafiri na sisi kwenda harusini. Na uniamini, nilikuwa sijapata kulitazama, maana tangu nikabidhiwe gari lile mimi mwenyewe nilikuwa natumia vichaka. Kumbe Mshamu ndiye aliyekuwa akilimwaga, peke yake, nyuma ya ghala la Gulamabbas.

Tatizo likawa jipya. Kipini tumekijua kilipo, lakini nani atie mkono? Mimi mjomba mtu, humo ndani mna vya Bi Siti, mkwe wetu. Nikivigusa heshima imekwisha kabla ndoa haijaanza. Bi Siti kugusa vya kwetu, ndiyo kabisa. Bi Tatu ni kungwi, mkono wake ndio utakaomshika mwali kumwingiza. Bi Siti angeweza kushuka, akatembea mpaka Mloka, maana si mbali, akawaambia wenzake kwamba mwali wao ameletwa na wapumbavu. Hakufanya hivyo. Alikaa pale ameshika mkono wa Semeni, akasema hawezi kututangaza, maana tangi hilo hata yeye amechangia.

Mwanawetu akapiga makofi. Akasema Wamatumbi kweli tumepotea, yaani mtani amesimama hapa na sisi tunatafuta mtu wa kushika uchafu. Msibani nani anayeosha? Kaburini nani anayetania? Mtani hana kinyaa na mtani hana aibu, mradi apewe haki yake. Haki yake akaitaja hapo hapo: atapanda kiti cha mbele mpaka harusini akiwa amevaa kofia yangu, na kwa kuchujia anataka nguo nyeupe, nyembamba, mpya, ili dhahabu ionekane.

Wote wakanigeukia. Nikasema melimeli si nguo ya kuchujia. Mwanawetu akasema basi tuchuje kwa maneno yangu, anaona ninayo mengi.

Nikaivua, Dada. Nikabaki na suruali na fulana ya mtumba iliyoandikwa Kizungu kifuani.

Akaita wenzake kutoka madunguni, wakaja na majembe, wakachimba shimo refu katika shamba lililoachwa, mbali na mto, maana watu wanakunywa mto ule. Nikalirudisha gari mpaka bomba likawa juu ya shimo. Wale wanawake wakaponda majani ya mrehani wakajifunga puani, wakaishika kanzu yangu pembe zote, mikono na mapindo, wakaitandaza chini ya bomba vile vile kama ninyi huko Mbwera mnavyoshika kanga mkitanda uduvi majini: wa mbele ameinama, wa nyuma ameinua, nguo inashuka tumbo. Bi Tatu akawa anamimina maji chooni kwa juu. Mwanawetu akavuta mpini.

Sitakueleza harufu. Nitasema tu kwamba kunguru waliokuwa kwenye mbuyu wa mbali walihama, na nguruwe hawajaonekana katika mashamba yale mpaka leo.

Vikapita vyote. Wakaitikisa kanzu, wakaipekua. Kikatoka kijiko cha Kizungu, kitana, kifuniko cha chupa ya dawa. Kipini hakuna. Bi Tatu akakaa chini, akasema basi, twende tu, atawaambia wakwe ni yeye mwenye kosa. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa mikono. Ndani ya gari nikasikia Semeni analia, yule mtoto ambaye hakulia hata siku tulipomvisha nguo za mwali.

Hapo, Dada, ndipo udereva wangu ulipofanya kazi, na hili si la kuongeza chumvi, waulize wote. Nilijilaza tena chini ya gari. Nikaona kwamba mdomo wa bomba umekaa juu kidogo ya sakafu ya tangi. Maji yanatoka, uchafu mwepesi unatoka, lakini kitu kizito kitabaki nyuma ya ule ukingo kama mchele unavyobaki chini ya maji ya kuoshea. Nikainuka nikatazama shamba. Palikuwa na kichuguu mbele kidogo ya gari, kipana, kigumu kama saruji. Nikaingia ndani ya gari, nikawaambia waliomo washike kitanda. Nikalipandisha lile gari magurudumu ya mbele juu ya kichuguu, taratibu, inchi kwa inchi, mpaka pua ikatazama mbingu na mkia ukakaa juu ya shimo. Gari lililia kila kiungo. Dereva mwingine angelipindua, angeua mwali na shangazi wa bwana harusi. Mimi nilivuta breki ya mkono, nikashuka nikatia jiwe nyuma ya tairi, nikajifuta jasho kwa fulana.

Bi Tatu akamimina ndoo ya mwisho. Mwanawetu akavuta mpini. Yakaja matope mazito, meusi, ya chini kabisa, yakashuka ndani ya kanzu kwa mshindo. Wakatikisa, wakamwagia maji, wakatikisa. Mwanawetu akaingiza mkono. Alipoutoa, alikuwa ameshika kitu kidogo katika ncha za vidole, akakisugua kwenye kanga yake, na Dada, kikawaka.

Bi Tatu alisujudu pale pale shambani.

Tukakiosha kwa mchanga, tukakiosha kwa jivu, tukakiosha kwa ile sabuni ya ruksa, ya kutoka nje, inayonuka maua, tukakiosha kwa maji mpaka maji ya gari yakaisha, kisha Bi Siti akakimwagia marashi yake mwenyewe na Bi Tatu akakifukiza udi. Mwanawetu akajisugua mpaka viwikoni, akavaa kofia yangu, akapanda mbele. Kanzu tuliizika shimoni pamoja na vyote. Niliisomea maneno mawili ya heshima.

Tukafika Mloka jua lipo. Bi Tatu akamvisha Semeni mlangoni, mama mkwe akiwa amesimama, na mama mkwe aliposikia kwamba kipini hicho umekivua wewe puani mwako kwa ajili ya eda, akakigusa kwa kidole, machozi yakamtoka, akasema basi nyumba yake imeingiwa na mama wawili. Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyahifadhi uyapate.

Wazee waliponiuliza kwa nini mjomba mtu ameingia na fulana, niliwaambia tembo jike alitufungia njia, nikavua kanzu nikampungia mpaka akaona haya akatupisha. Walitikisa vichwa. Lakini Mwanawetu ana mdomo, na usiku haujaingia alikwisha kuwatungia wanawake wimbo, wanaimba kanzu ya mjomba imekwenda kutanda uduvi, uduvi wenyewe wa dhahabu. Wakwe hawakujua maana yake, walicheza tu. Bi Siti alicheza kuliko wote, na hajasema neno.

Sasa, Mwanamkuu, wifi mwema, hapa simama. Mpe Dada karatasi hii mkononi, wewe nenda jikoni. Dada, kisomo cha watu wazima ulikipita na cheti ukapewa. Kuanzia hapa soma mwenyewe. Nimeandika herufi kubwa makusudi.

Nilipovitaja vilivyotoka tangini nimekiruka kimoja. Katika yale matope ya mwisho, kabla ya kipini, kilitoka kitu kizito zaidi. Mwanawetu alidhani ni nati ya gari akataka kuitupa. Nikaichukua. Ilikuwa pete ya fedha yenye jiwe jekundu la akiki, imebonyea upande mmoja mahali spana ilipoipiga. Nilikwenda dirishani nikampitishia Semeni chini ya pazia. Nikasikia akiigeuza vidoleni. Kisha akasema, "Hii ya baba."

Dada, ni ile pete. Ile uliyomnunulia kwa mikeka yako Semeni alipozaliwa. Mwaka juzi alirudi Mbwera kidole kitupu, ukamwuliza, akasema imepotea, hakusema zaidi. Watu wakakuletea maneno kwamba Mloka ana mwanamke na pete iko huko. Uliniita ukaniambia nichunguze, nami kila safari nilichunguza, nikauliza Mloka nzima, nikakujibu sijaona kitu, ukadhani namficha kwa kuwa sote wanaume. Mkakaa hivyo mpaka alipougua. Siku ya mazishi, imamu alipowauliza watu kama wamemsamehe marehemu, wote waliitikia, na wewe ndani ulinyamaza. Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Nilisikia kunyamaza kwako.

Niliporudi Kibiti nilikwenda moja kwa moja kwa Gulamabbas nikaiweka pete juu ya kaunta. Aliitazama akainamisha kichwa. Akanieleza kwamba Mshamu alimjia siku ile ile ilipotokea. Alikuwa anasafisha choo cha gari, mkono una sabuni, pete ikateleza. Alitaka tangi lipasuliwe. Gulamabbas akakataa, maana tangi kama lile nchi hii halipo, na hilo linamwuma hadi leo. Mshamu akamwapisha asimwambie mtu. Gulamabbas alimsihi akueleze tu, ni ajali. Mshamu akamjibu:

"Mke wangu alisuka miezi kupata pete hii. Nikamwambie nimeitia chooni? Bora adhani nimeoa."

Alisema hasira zako juu ya mwanamke mwingine zingekwisha, angekuonyesha kwa vitendo kwamba hayupo, lakini hili ungelibeba, na wanawake wa Mbwera wangemwimba. Basi akawa anangoja aipate kwanza, ndipo akwambie. Gulamabbas anasema kila Mshamu alipotoka safari alijifungia nyuma ya ghala akilichokoa lile tangi kwa kijiti mpaka jua linazama, na watu wa dukani wakadhani labda anapenda sana usafi. Alikuwa anaitafuta, Dada. Kila safari. Kilichomshinda ni ukingo ule wa bomba tu, na kwamba nyuma ya ghala hakuna kichuguu.

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na unajua mengine huwa nayanyoosha. Haya sijayanyoosha. Mwulize Gulamabbas, mwulize Semeni.

Semeni alitaka kuivaa. Kisha akanirudishia, akasema si yake, ipelekwe kwa mama. Nimeifunga ndani ya kitambaa, imeoshwa kama kipini kilivyooshwa, iko ndani ya bahasha hii. Kuivaa huwezi, hujatoka eda. Kuishika hakuna aliyekukataza. Ishike, na lile ulilolinyamazia dirishani ulitamke sasa hata kwa sauti ndogo. Atalisikia tu, alizoea sauti yako.

Unisalimie wakwe zako wote, na Mwanamkuu umwite arudi, ugali usije ukamwungulia. Mwanao anakubusu mikono, na mkweo Amri pia, kijana mpole, tumepata mtu. Gulamabbas na Zera wanakupa pole mpya na salamu za zamani. Eda itakapokwisha nitakuja kukuchukua mpaka Mloka umwone mwanao, na nitakuendesha mwenyewe kwa gari lile lile. Choo nimekiwekea chujio.

Ni mimi ndugu yako wa ziwa moja,

Haidari
Dereva